Brewster: kampuni iliyojiangamiza, au iliyobebeshwa mzigo uliozidi mabega yake?

Tarehe 18 Aprili 1942, ikiwa ni miezi minne na ushei tangu Wajapani waishambulie kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, Rais Franklin Roosevelt alitia saini amri iliyolitaka Jeshi la Majini la Marekani livitwae viwanda vya Brewster Aeronautical Corporation na kuviendesha lenyewe. Kampuni hiyo haikuwa imekataa kuitumikia serikali. Ilikuwa na mikataba tele na maelfu ya wafanyakazi, ila ndege zilizoahidiwa hazikuwa zikitoka. Mwezi uliofuata viwanda vilirudishwa mikononi mwa uongozi mpya, miaka miwili baadaye mkataba wa mwisho ukafutwa, na mwezi Aprili 1946 wenye hisa waliamua kuivunja kampuni kabisa. Katika vita ambavyo karibu kila kiwanda cha ndege cha Marekani kilipanuka na kutajirika, hiki kilikufa kikiwa bado na kazi mezani.

Wanaoieleza habari ya Brewster wamegawanyika. Wapo wasemao kwamba kampuni ilikuwa mbovu tangu mwanzo: wakubwa wake walikuwa na tamaa, wafanyakazi wake wakaidi, na ndege yake, Buffalo, ilikuwa jeneza lenye mabawa. Wapo pia wanaoitetea wakisema kwamba ilikuwa karakana ndogo yenye wabunifu hodari, iliyofurikiwa na oda za mataifa manne kwa mkupuo, kisha ikalaumiwa kwa kushindwa kufanya jambo ambalo hakuna aliyeiandaa kulifanya. Kila upande una ushahidi wake, na nitajaribu kuutendea haki. Hata hivyo, naona pande zote mbili huanza kuhesabu makosa zikiwa zimechelewa. Huanza 1941 au 1942, wakati kosa kubwa kuliko yote lilikuwa limekwisha kutendwa katika miaka mitatu iliyotangulia, tena na watu waliokuwa na ushahidi wa kutosha mbele ya macho yao.

Jina la Brewster lilikuwa kongwe. Mwaka 1810, James Brewster alianzisha huko New Haven, Connecticut, karakana ya magari ya kukokotwa na farasi, na kwa karne nzima jina hilo lilimaanisha ufundi wa hali ya juu kwa matajiri. Magari ya injini yalipokuja, warithi wake waligeukia kutengeneza bodi za magari ya kifahari, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni ikanunuliwa na tawi la Marekani la Rolls-Royce. Idara yake ya ndege ilikuwa kitu kidogo cha pembeni. Mwaka 1932, mdororo wa uchumi ukiwa umewakaba matajiri waliokuwa wateja wa magari hayo, mhandisi aitwaye James Work aliinunua idara hiyo kwa dola 30,000 na kuifanya kampuni inayojitegemea. Kwa miaka michache iliishi kwa kuwatengenezea wengine mabawa na vipuri vingine, kisha ikaanza kubuni ndege zake yenyewe chini ya mbunifu mkuu Dayton Brown.

Jengo lake linahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mengi yaliyofuata yanaanzia humo. Lipo hadi leo Long Island City, mtaa wa Queens jijini New York, hatua chache kutoka daraja la Queensboro, na katika miaka ya karibuni limekuwa makao makuu ya shirika la ndege la JetBlue. Ni jengo la matofali la ghorofa nyingi, lililojengwa kwa ajili ya mafundi waliokaa mezani kupaka rangi mlango wa gari moja kwa wiki nzima. Bodi ya gari hupita kwenye lifti bila taabu. Ndege ya kivita ni jambo jingine. Kiwanda cha ndege huhitaji sakafu moja ndefu isiyokatizwa na nguzo, ili kiwiliwili cha ndege kiingie upande mmoja kikiwa kitupu na kitoke upande wa pili kikiwa na injini, nyaya na mabawa. Huko Queens, sehemu zilitengenezwa ghorofa mbalimbali, zikateremshwa kwa lifti, na baadaye zikapakiwa kwenye malori hadi uwanja wa ndege wa Newark, katika jimbo jirani la New Jersey, jiji zima la New York likiwa katikati, ndipo zikaunganishwa na kurushwa. Tundu moja la riveti lililotobolewa vibaya ghorofani liligunduliwa siku kadhaa baadaye, umbali wa kilomita nyingi, na watu ambao hawakuwahi kuonana na aliyelitoboa.

Jeshi la Majini halikuwa geni kwa hali hiyo. Ndege ya kwanza ya Brewster, ndege ya upelelezi na mabomu iliyoitwa SBA, ilipaa mwaka 1936 na kuwapendeza maofisa. Lilipoamua mwaka 1938 kununua ndege 30 za aina hiyo, Jeshi la Majini halikumpa Brewster kazi ya kuzijenga. Liliipeleka kazi kwenye kiwanda chake lenyewe huko Philadelphia, kwa sababu mbunifu wa ndege hizo hakuwa na nafasi ya kuzitengeneza. Mwaka huohuo, mwezi Juni, lilikuwa limempa Brewster mkataba wa ndege za kivita 54. Kwa maneno mengine, mnunuzi alikiri kwa vitendo kwamba kampuni haiwezi kujenga ndege 30, akiwa ameiagiza ijenge 54. Sijaona mtetezi wa Jeshi la Majini anayelieleza jambo hili vizuri, na kwa maoni yangu hapa ndipo palipostahili kuanzia kila uchunguzi uliofanywa baadaye.

Ndege hizo 54 zilikuwa F2A, ambayo Waingereza waliibatiza jina la Buffalo. Ilipaa mara ya kwanza Desemba 1937 na kuishinda ndege ya kampuni shindani ya Grumman katika shindano la kuwania nafasi ya kuwa ndege ya kwanza ya kivita yenye bawa moja kila upande katika manowari za Marekani za kubeba ndege. Ushindi huo haukuwa wa bahati. Mwaka 1938 mfano wake wa kwanza uliingizwa mzimamzima katika handaki kubwa la upepo huko Langley, Virginia, wataalamu wakatafuta kila mahali hewa ilipokwama, na baada ya marekebisho kasi yake ikapanda kwa maili 31 kwa saa. Utaratibu huo wa kusafisha umbo la ndege ulitumika baadaye kwa ndege nyingi za Marekani. Anayesema kwamba Brewster haikuwa na wabunifu anaikosea haki kampuni hiyo.

Lililofuata baada ya Septemba 1939 ni mafuriko. Finland ilivamiwa na Urusi ya Kisovyeti, na Marekani ikaiachia ndege 44 zilizokuwa zikitengenezwa kwa ajili ya Jeshi la Majini, ambalo lenyewe lilikuwa limepokea 11 tu. Ubelgiji iliagiza 40. Uingereza iliagiza 170. Serikali ya Uholanzi ilizitaka kwa ajili ya koloni lake la Mashariki ya Mbali, ambalo leo ni Indonesia. Juu ya hayo, Waingereza, Waholanzi na Jeshi la Majini waliagiza kwa mamia ndege nyingine kabisa, SB2A Buccaneer, ya kudondosha mabomu kwa kupiga mbizi, ambayo haikuwa hata imeruka. Ilipaa mara ya kwanza Juni 1941. Kampuni ambayo miaka tisa kabla ilinunuliwa kwa bei ya nyumba chache nzuri za mjini ilijikuta ikidaiwa ndege zaidi ya elfu moja.

Hapa upande wa mashtaka una hoja nzito. Hakuna aliyeilazimisha Brewster kuzikubali oda hizo. Mawakala wake wa mauzo ya nje, ndugu Alfred na Ignacio Miranda, waliwaahidi wanunuzi uwezo ambao kampuni haikuwa nao, na ndugu hao walikuwa wamekwisha kufungwa gerezani kwa kuiuzia Bolivia silaha kinyume cha sheria. Uongozi uliowapa watu wa namna hiyo kazi ya kuahidi kwa niaba yake ulikuwa unajua unachofanya. Kila oda iliyosainiwa ililetewa malipo ya awali, na malipo ya awali yaligharimia upanuzi: jengo la pili, hangari Newark, na mwaka 1941 kiwanda kipya Johnsville, Pennsylvania, chenye sakafu pana na njia yake ya kurukia. Upanuzi huo ungekuwa na maana kama ungetangulia oda. Ulipozifuata, kampuni iligawanyika katika majimbo matatu huku ikitengeneza aina mbili za ndege na kujiandaa kwa aina ya tatu, na watu wenye ujuzi wa kutosha kuwasimamia wageni walikuwa wachache mno. Mkataa pema pabaya panamwita, na wakurugenzi wa Brewster walikuwa na pema: wangeweza kubaki kampuni ndogo ya kubuni, wakauza michoro yao kwa wenye viwanda vikubwa.

Hata hivyo, mnunuzi anayelalamika kwamba ameahidiwa uongo ana wajibu wa kueleza kwa nini hakupanda lifti ile ya Queens akajionea. Waingereza na Waholanzi wana udhuru. Mwaka 1940 walikuwa wakinunua chochote chenye mabawa kilichopatikana Marekani, kwa kuwa viwanda vyao wenyewe vilikuwa vimezidiwa au vimetekwa. Jeshi la Majini la Marekani halina udhuru huo. Lilikuwa na maofisa wakaguzi ndani ya kiwanda, lilikuwa na kiwanda chake Philadelphia kilichojua gharama halisi ya kujenga ndege za Brewster, na Januari 1941 liliagiza F2A nyingine 108, wakati Grumman tayari ilikuwa inaleta ndege bora zaidi.

Kuhusu ubora wa Buffalo yenyewe, mjadala huishia kwenye majina mawili, Midway na Finland, na inashangaza jinsi kila upande unavyoshika moja na kuliacha jingine.

Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1942, Wajapani walituma ndege 108 kushambulia kisiwa cha Midway, 36 kati yake zikiwa ndege za kivita aina ya Zero. Kikosi cha Wanamaji wa Ardhini wa Marekani (Marines), VMF-221, kilipaa kuzizuia kikiwa na ndege 25, nyingi zikiwa Buffalo na chache Wildcat za Grumman. Buffalo 13 hazikurudi, pamoja na Wildcat mbili. Mmoja wa walionusurika, Kapteni Philip White, aliandika katika ripoti yake kwamba kamanda yeyote anayempeleka rubani vitani ndani ya F2A-3, toleo la Buffalo lililotumika hapo, amhesabu rubani huyo kuwa amepotea kabla hajaondoka ardhini. Ni maneno ya mtu aliyetoka kuwaona wenzake wakiteketea, na hakuna uchambuzi wenye haki ya kuyapuuza. Huko Malaya na Burma, kuanzia Desemba 1941, vikosi vya Uingereza, Australia na New Zealand vilivyopewa Buffalo vilipata mateso yaleyale mbele ya Wajapani, na Waholanzi vivyo hivyo huko Java.

Finland, kwa upande mwingine, ndege zile 44 ziliitwa lulu za angani. Zilifika zikiwa vipande, kupitia Norway hadi Sweden, zikaunganishwa Trollhättan, na vita vya majira ya baridi vikaisha kabla hazijapigana. Vita vilipoanza tena Juni 1941, kikosi cha LeLv 24 kilizitumia kwa karibu miaka mitatu na kudai kuangusha ndege 459 za Kisovyeti huku kikipoteza Brewster 15 katika mapigano. Madai ya marubani katika vita vyovyote huzidi ukweli kwa kiasi fulani, lakini hata ukiyapunguza kwa nusu, hiyo si rekodi ya jeneza. Hans Wind alipata ushindi 39 katika ndege hii, na Ilmari Juutilainen 34 kati ya 94 aliopata katika vita vizima.

Tofauti hiyo ina maelezo, na maelezo yake yana mafunzo kuliko ugomvi wenyewe. Kwanza, hazikuwa ndege moja. Zile za Finland zilikuwa za toleo la awali, zimeondolewa vifaa vya manowari, na zilikuwa nyepesi. Kadiri matoleo yalivyofuatana, wanunuzi walidai bamba za kukinga rubani, matenki yanayojiziba yakitobolewa, mafuta zaidi na risasi zaidi; nguvu za injini ziliongezeka kidogo, uzito ukaongezeka mno, na F2A-3 iliyopelekwa Midway ilikuwa imeupoteza ule wepesi uliowafurahisha majaji wa 1938. Pili, adui hakuwa mmoja. Mwaka 1941 Wafini walikabiliana na ndege nyingi za zamani zenye marubani waliofunzwa haraka, katika baridi ya kaskazini. Midway na Malaya zilikabiliwa na marubani wa Kijapani waliokuwa miongoni mwa bora duniani, katika joto lililochosha injini.

Tatu ni suala la ufundi, na hapa kuna jambo dogo ambalo mimi hulipenda kuliko takwimu zote. Injini ya Wright iliyofungwa katika Buffalo ilikuwa na kasoro ya mafuta ya kulainishia, na mahali pengi ilizimika au kuharibika. Mafundi wa Kifini waliifungua, wakaigeuza ringi moja katika kila pistoni ikae kichwa chini miguu juu, na injini ikatulia. Hapakuhitajika mhandisi kutoka Marekani wala kipuri kipya. Ndege ileile iliyolaaniwa na marubani wa Bahari ya Pasifiki ilihitaji mtu wa kuishughulikia kwa subira na muda wa kumpa mtu huyo afanye kazi yake, na huo muda ndio ambao kiwandani Queens haukuwepo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba Buffalo ilikuwa ndege mbaya, wala na wanaosema kwamba ilisingiziwa. Ilikuwa ndege nzuri ya 1938 iliyopigana vita vya 1942 ikiwa imebebeshwa mizigo ya 1941, na miguu yake ya kutulia haikuwahi kuwa na nguvu ya kustahimili kishindo cha kutua juu ya manowari. Hilo la mwisho ni kosa la Brewster, na hakuna joto la Malaya linaloweza kulifunika.

Buccaneer haihitaji maneno mengi. Zilijengwa 771, zikiwa nzito na zimechelewa, na hazikupigana popote. Zilitumika kufundishia na kuvuta shabaha angani, na nyingine zilikwenda moja kwa moja kutoka kiwandani hadi kwenye chuma chakavu. Baadhi ya zile zilizoagizwa na Waholanzi zilichukuliwa na Wanamaji wa Ardhini wa Marekani, ambao walijifunzia kuruka wakiwa mbele ya vipimo vilivyoandikwa kwa Kiholanzi. Ukitafuta hasara halisi ya Brewster katika vita, usiitafute Midway. Ipo katika ndege hizi 771, katika alumini, injini na saa za kazi zilizoteketea bila kumdhuru adui hata mmoja.

Katika hali hiyo ndipo wafanyakazi walipoingia katika lawama, na suala lao ndilo linalonigusa zaidi. Waliwakilishwa na tawi namba 365 la chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, chini ya Thomas De Lorenzo. Uongozi wa awali wa kampuni ulikuwa umekubaliana na tawi hilo juu ya haki ambazo viwanda vingine havikuzitoa: ukongwe kazini ulilindwa kwa ukali, na ilikuwa vigumu kumhamisha mtu kutoka idara moja kwenda nyingine au kumwadhibu bila chama kukubali. Baada ya Pearl Harbor vyama vya Marekani viliahidi kutogoma hadi vita viishe. Brewster iligoma mwezi Agosti 1943, kutokana na mvutano uliowahusu walinzi wa kiwanda. Baadaye De Lorenzo aliliambia gazeti moja la Washington kwamba sera ya tawi lake si kushinda vita kwa gharama yoyote ile, ni kushinda bila kupoteza haki nyingi mno. Akaongeza kwamba hata kama ndugu zake wangekuwa mstari wa mbele wakizihitaji ndege zilizopotea kwa mgomo, angewaacha wafe, ikibidi, ili haki hizo zisipotee. Kamati ya Masuala ya Majini ya Baraza la Wawakilishi iliyokuwa ikiichunguza kampuni iliyapokea maneno hayo kama ushahidi uliojitosheleza.

Maneno yale yalikuwa mabaya, na siwezi kuyatetea. Mama aliyekuwa na mtoto vitani katika kisiwa cha Guadalcanal angeyasomaje? Lakini naomba tutenganishe ulimi wa kiongozi mmoja na mikono ya maelfu. Mgomo wa 1943 ulitokea mwaka mmoja na zaidi baada ya serikali kuvitwaa viwanda kwa sababu ya uzembe wa uzalishaji. Hauwezi kuwa chanzo cha uzembe uliotangulia. Wafanyakazi wengi walikuwa wapya, wanaume kwa wanawake, waliofundishwa kazi kwa wiki chache na kukabidhiwa michoro iliyobadilishwa kila mara mnunuzi alipotaka kitu kipya. Mtu anayesimama kando ya kiunzi cha bawa kwa saa tatu akingoja kipuri kisichofika huonekana mvivu kwa mkaguzi anayepita. Nani aliyepaswa kukileta kipuri hicho? Hilo ni swali la uongozi, na kati ya 1942 na 1943 uongozi wa Brewster ulibadilishwa mara kwa mara kiasi kwamba msimamizi wa chini hakujua atamlalamikia nani. Chama kikawa ndicho chombo pekee kiwandani kilichokuwa na watu walewale jana na leo. Ukaidi wake ulikuwa wa kweli na uligharimu ndege, lakini ulistawi ndani ya ombwe ambalo wengine walilitengeneza.

Machi 1943 Jeshi la Majini lilimshawishi Henry Kaiser, yule aliyepata umaarufu kwa kujenga meli za mizigo kwa kasi ya ajabu, aiongoze kampuni. Kazi iliyobaki muhimu ilikuwa Corsair, ndege bora ya kivita iliyobuniwa na kampuni ya Vought, ambayo Brewster na Goodyear walipewa waijenge kwa leseni. Ulinganisho na Goodyear ndio hoja kali kuliko zote dhidi ya Brewster. Goodyear ilijulikana kwa matairi na maputo ya angani, haikuwa na historia ya kubuni ndege za kivita, na Corsair yake ya kwanza ilipaa Februari 1943, miezi miwili tu kabla ya ile ya Brewster. Hadi mwisho wa vita Goodyear ilikuwa imetoa zaidi ya 4,000. Brewster ilitoa 735, nyingi zikaenda kwa Jeshi la Majini la Uingereza, na huko Marekani ziliwekewa mipaka ya namna zinavyoruhusiwa kurushwa, kwa sababu baadhi zilikatika mabawa zilipogeuzwa kwa nguvu angani. Viungio vya mabawa vilikuwa na kasoro za utengenezaji. Hakuna rubani wa Kimarekani aliyezipeleka vitani. Ndege inayokatika bawa mikononi mwa rubani wa mafunzo, siku tulivu, bila adui, ni jambo ambalo hakuna hoja ya jengo la ghorofa wala ya oda nyingi inayoweza kulisamehe. Mtu alikipitisha kiungio hicho kwa muhuri wa ukaguzi.

Bado kuna jambo ambalo ulinganisho huo hauonyeshi. Goodyear ilianza na kiwanda kikubwa Akron, ikapewa ndege moja ya kujenga, na ikaachwa iijenge. Brewster ilipoanza kazi ya Corsair ilikuwa bado inahangaika na Buccaneer ambazo kila mtu alikwisha kujua kwamba hazitakiwi. Mpaka Buccaneer zilipoachwa, sakafu ya Johnsville haikuwa ya Corsair kikamilifu. Zilipoachwa, na Kaiser akiwa amepata muda wa kupanga watu, idadi ya Corsair zilizotoka kila mwezi ilipanda waziwazi hadi majira ya kuchipua ya 1944.

Na ni wakati huohuo, mwezi Mei 1944, ndipo Jeshi la Majini lilipotangaza kwamba mkataba wa Brewster utakoma tarehe 1 Julai. Sababu zilizotolewa zilieleweka: Corsair zilizohitajika zilikuwa zimepungua, na kati ya watengenezaji watatu Brewster ndiyo iliyokuwa na gharama kubwa kuliko wote. Kihesabu uamuzi huo ulikuwa sahihi, na mlipakodi wa Marekani hakuwa na deni kwa wenye hisa wa Brewster. Namna ulivyotekelezwa ni suala jingine. Maelfu ya watu waliokuwa wameambiwa usiku na mchana kwamba kila riveti yao inaokoa maisha ya askari waliarifiwa kwa muda wa wiki chache tu kwamba hawahitajiki, bila mpango wowote wa kazi nyingine. Walifanya jambo ambalo wakosoaji wao hawakulitarajia: walikataa kutoka kiwandani. Zamu zilipokwisha walibaki ndani, wakitaka wapewe kazi ya kufanya. Wafanyakazi walioitwa wavivu na wasaliti mwaka uliotangulia walikuwa sasa wamejifungia kando ya mashine zao wakidai kuzitumia, wakati Ulaya wanajeshi wa washirika walikuwa siku chache tu kabla ya kutua Normandy. Taifa zima lilianza kujiuliza litafanya nini na mamilioni wengine siku vita vitakapoisha, swali ambalo serikali haikuwa imeliandalia jibu.

Mimi nikiwagawia lawama, nampa James Work na mawakala wake sehemu kubwa kwa kuahidi wasichokuwa nacho. Wakaguzi na wasimamizi wa Corsair nawapa sehemu ambayo haipunguziki kwa sababu yoyote. De Lorenzo nampa ulimi wake. Lakini sehemu ya kwanza kabisa inakwenda kwa Jeshi la Majini, ambalo mwaka 1938 lilijua kwamba nyumba ile haitoshi na likaendelea kutia saini hadi 1941, kisha likaja na amri ya Rais kuuliza ndege ziko wapi. Baada ya Brewster kuondoka, jeshi hilohilo lilikichukua kiwanda cha Johnsville, lile jengo la sakafu pana ambalo kampuni ilipaswa kuwa nalo kabla ya oda ya kwanza, na kukifanya kituo cha utafiti wa ndege hadi miaka ya 1990. Humo ndimo lilimojengwa bembea kubwa la kuzungushia watu ambalo wanaanga wa kwanza wa Marekani walizoeshwa kustahimili mkandamizo wa kurushwa angani.